Mlenga shabaha aliyepita arubaini apimwe miwani, asiondoshwe timuni

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo linaloniuma tangu mwezi uliopita, nalo ni macho ya watu wanaolenga shabaha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 58, mzaliwa na mkaazi wa Wete, Pemba. Nilitumikia kikosi kwa miaka 33 nikastaafu kwa hiari, na katika miaka hiyo, 21 nilikuwa kwenye timu ya shabaha. Hadi leo vijana huniita nikae nao uwanjani wanapojiandaa na mashindano. Mwezi uliopita nilikwenda, nikamkuta koplo mmoja niliyemshika mkono mimi mwenyewe tangu yuko kuruta. Sasa ana miaka 46. Alikuwa amekaa chini ya mwembe peke yake, na bunduki aliyoizoea iko mikononi mwa kijana mwengine. Nikamuuliza kulikoni.

"Afande, macho yamekwisha," akanijibu. "Wameniambia nimpishe mtu."

Nikamuuliza, "Miwani huna?" Akaitoa mfuko wa shati. Ilikuwa miwani ya kusomea ya +2.00, ile inayouzwa tayari tayari juu ya meza, kainunua Darajani siku aliyovuka kwenda Unguja. Ndiyo aliyokuwa akilengea kwa mwaka mzima. Ndugu Mhariri, yule koplo hakuishiwa macho. Alivaa miwani ya kusomea msahafu pahala pasipokuwa pake, na hakuna aliyemwambia.

Nimeamua kuandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Katika vikosi vyetu, Unguja na Pemba, wapo watu waliotumia miaka 20 kujifunza kutuliza pumzi na kuvuta kifyatulio bila ya kutikisa bunduki. Ujuzi huo haununuliwi dukani. Wakifika miaka 43, 44, risasi zinaanza kutawanyika, na sisi tunawaambia wapishe. Mimi nilikaribia kupishwa vivyo hivyo.

Kwanza nieleze jicho linavyofanya kazi pale. Mwenye kulenga kwa saiti za chuma, yaani vile vilengeo vilivyo juu ya bunduki, ana vitu vitatu mbele ya jicho moja: saiti ya nyuma iliyo karibu na uso, kijiti cha saiti ya mbele karibu na mdomo wa mtutu, na shabaha yenyewe mita 100 huko. Jicho la binadamu haliwezi kuvitia makali vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kijana wa miaka 20 hudhani anaviona vyote, kwa kuwa lenzi iliyo ndani ya jicho lake ni laini na inahama kutoka karibu hadi mbali kabla mwenyewe hajatambua. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi ile inakuwa ngumu. Si maradhi. Ni umri, kama mvi, na humfika kila mtu.

Kinachotakiwa kionekane wazi ni kile kijiti cha mbele, si shabaha. Jambo hili wapo wanaolibishia hata baada ya miaka ya kufyatua, basi naomba watazame hesabu. Ukiwa na sentimita 40 baina ya saiti ya nyuma na ya mbele, ukakosea kuzipanga kwa milimita 1 tu, kwenye mita 100 risasi imehama sentimita 25. Lakini shabaha ikiwa na ukungu kidogo hasara yake ni ndogo, kwani jicho linajua kutafuta katikati ya duara jeusi hata kingo zake zikiwa zimefifia. Kwa hivyo mtu anayetafutiwa miwani ya shabaha atafutiwe jicho linalokamata kijiti, huku shabaha ikibaki inatambulikana. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mwaka niliotimiza 45 risasi zangu, zilizokuwa zikikaa pamoja kama karafuu kwenye kikonyo, zilianza kuachana juu na chini. Risasi tatu za mwanzo nilikuwa nakiona kijiti sawasawa, ya nne kinaanza kuota manyoya, ya tano sijui kiko wapi. Nikavuka kwenda Unguja kutafuta miwani. Duka nililoingia silitaji. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole na mwenye adabu. Akanipima kwa herufi za ukutani, akanipa kadi nisome, kisha akasema, "Bi mkubwa, nitakupa inayokusanya yote, mbali juu na karibu chini, hutohitaji nyengine." Hakuniuliza nafanya kazi gani. Wala mimi sikumwambia, kwa kuwa sikujua kwamba jambo hilo lina maana. Nililipa karibu mshahara wa mwezi.

Barabarani na jikoni miwani ile ilikuwa nzuri sana. Uwanjani haikufaa hata siku moja. Lenzi ya namna ile imepangwa kwa madaraja: juu namba ya mbali, chini namba ya kusomea, na umbali wa katikati umewekwa kwenye ukanda mwembamba baina yao. Mtu akilala kifudifudi na shavu lake liko juu ya kitako cha bunduki, kichwa kinainama mbele na jicho linatazama kupitia pembe ya juu ya lenzi, upande wa puani. Pale pana namba ya mbali peke yake. Ili nikione kijiti ilinibidi niinue kidevu, na nikiinua kidevu shavu linaondoka kwenye kitako. Shavu likishaondoka, kila risasi unaanza kulenga upya kama hujawahi kuishika bunduki hiyo. Nilikwenda hivyo karibu miaka miwili. Nilirudi nyumbani siku nyingi shingo inauma na moyo umevunjika.

Aliyenifungua macho ni mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ilikuwa msimu wa karafuu, amekaa mkekani anachambua, na pembeni ameweka kofia aliyokuwa akiishona. Nikamuona anavua miwani moja anavaa nyengine. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua na miwani mbili za karibu. Akaonesha kifua chake: "Kofia iko hapa." Akaonesha mkeka: "Karafuu ziko pale." Akaendelea na kazi yake. Mama yangu hakusoma skuli zaidi ya chuo cha Kurani, lakini alikuwa ameshajua kwamba miwani inafuata umbali wa kazi. Na mimi kazi yangu haikuwa kwenye kofia wala kwenye herufi za ukutani.

Kesho yake nikachukua futi ya cherehani nikaenda nayo uwanjani. Bunduki ikakaguliwa tupu mbele ya msimamizi, nikalala kama ninavyolala siku ya mashindano, na mwenzangu akapima kutoka pembe ya jicho langu hadi kwenye kijiti. Sentimita 84.

Namba za miwani hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake mtoto wa skuli anaiweza: gawanya 1 kwa umbali wa mita. Gawanya 1 kwa 0.84, utapata 1.19. Ukiongeza yote hiyo juu ya namba yako ya mbali, kijiti kitang'ara lakini shabaha itapotea kama jahazi kwenye mvua ya masika. Kwa hivyo huongezwa nusu yake tu, ambayo kwangu ni kama 0.60, na kwa kuwa lenzi huenda kwa robo robo tukachukua 0.50. Namba yangu ya mbali kwa jicho la kulia ilikuwa +0.25, basi miwani ya shabaha ikawa +0.75. Kwa bastola kijiti huwa karibu zaidi, kwa wengi sentimita 60 hadi 70, na nyongeza hupanda hadi 0.75 au hata 1.00. Sasa itazame ile +2.00 ya koplo wetu. Kwa mtu asiye na tatizo la mbali, lenzi ile inalipeleka jicho lililotulia kwenye nusu mita. Kijiti chake kiko nje ya hapo, na shabaha ni moshi mtupu.

Safari ya pili nilikwenda kwa mtaalamu mwengine, na nilikwenda nimejitayarisha. Bunduki haiingizwi hospitali, basi nilikata fimbo ya mpera yenye urefu wa sentimita 84 kamili na kwenye ncha nikagandisha njiti ya kiberiti. Yule mtaalamu hakunicheka. Alinivisha ile fremu ya majaribio inayobadilishwa vioo, akanipimia kwanza namba ya mbali vizuri, pamoja na ile namba ya kurekebisha jicho lisilo duara sawa, ambayo miwani za mezani hazina kabisa. Kisha nikaweka fimbo kwenye shavu, nikainamisha kichwa kama ninavyoinamisha kwenye kitako, nikalenga saa ya ukutani iliyo mwisho wa ukumbi. Akaweka robo, akaweka nusu, akaweka robo tatu. Kwenye nusu njiti ilisimama peke yake, nyeusi, kingo zake kali, na saa nyuma yake bado naijua kuwa ni saa. Nilitokwa na machozi pale pale, wala sioni haya kulisema.

Kwenye fremu wengi wanakosea kwa kufuata fasheni. Zile fremu nyembamba nyembamba hazifai, kwa sababu ukilala jicho linapita juu ya ukingo na unajikuta unalenga bila ya lenzi. Chagua fremu pana inayopanda karibu na nyusi, yenye vile vipande vya puani vinavyopindika, ili uipandishe na kuisogeza mpaka jicho litazame karibu na katikati ya lenzi. Mwambie fundi katikati hapo aipime ukiwa umeinamisha kichwa. Kwa mwenye namba ndogo kama yangu kosa dogo halionekani sana, lakini mwenye -4.00 au -5.00 akitazama kupitia pembeni, picha inahama na kupinda, na kila akiweka shavu pengine kidogo inahama tena. Ziko pia fremu maalumu za shabaha, zenye lenzi moja ya duara mbele ya jicho linalolenga, ambayo unaizungusha na kuinyoosha utakavyo. Ni ghali na huagizwa nje. Nimewahi kuivaa ya mgeni mmoja na ni kitu kizuri kweli, lakini asiyekuwa nayo asikate tamaa. Mimi nilifyatua miaka minane mengine kwenye timu kwa fremu ya kawaida, na kati kati ya miaka hiyo nikabadilisha lenzi mara moja tu, tukaongeza robo.

Lenzi iwe ya polikaboneti. Sitaki kubishana na mtu juu ya hili. Kioo kikipigwa na kipande cha chuma au kidonge cha bunduki ya upepo kilichorudi nyuma, kinapasukia ndani ya jicho. Polikaboneti inakwaruzika upesi, ni kweli, basi iwe na ule mpako wa kuzuia mikwaruzo, na isifutwe kwa ncha ya kanga ikiwa kavu. Huku kwetu chumvi ya bahari na vumbi hukaa juu ya lenzi kama msasa, kwa hiyo iosheni kwa maji kwanza.

Jicho jengine je? Tuliwafundisha watu kulifumba, na tulikosea. Ukifumba jicho moja uso wote unakaza, na baada ya muda jicho linalolenga nalo linachoka. Liache wazi, lakini liwekee kizuizi kwenye lenzi yake, karatasi nyeupe au tepu isiyopitisha picha ila mwanga. Katika mashindano ya kimataifa kizuizi hicho cha mbele kisizidi upana wa milimita 30, kwa hivyo vijana wazoee kipimo hicho mapema. Rangi ya lenzi ni shauri la mtu mwenyewe. Mimi huvaa kijivu hafifu pakiwa na jua la mchanga mweupe, na siku nyengine zote lenzi safi.

Miwani ya shabaha isitumiwe kuendeshea gari. Imepunguza mbali kwa makusudi, na usiku tofauti hiyo inaweza kumuua mtu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo ningependa kila mwalimu wa shabaha alijue, na gharama yake ni sindano moja. Chukua karatasi nyeusi, itoboe tobo dogo kwa sindano, umpe mtu atazame kijiti na shabaha kupitia tobo hilo. Akiona vimekuwa wazi zaidi, basi tatizo lake kwa kawaida ni la namba, na miwani itamsaidia. Asipoona tofauti, au akiona vibaya zaidi, huyo apelekwe kwa daktari wa macho haraka, maana huenda ni mtoto wa jicho au jambo jengine ambalo miwani hailiondoi. Na mtu ambaye namba yake inabadilika badilika ndani ya wiki chache apimwe sukari, kwani sukari ikipanda na kushuka hubadilisha namba ya jicho. Baadhi ya walenga shabaha hubandika kwenye lenzi kipande cha tepu nyeusi chenye tobo la milimita 1 hivi wakalenga kupitia hapo, na kweli husaidia kukamata kijiti na shabaha kwa pamoja. Lakini mwanga unapungua sana, na chini ya mawingu ya masika hutaona kitu. Tobo ni la kusaidia miwani, lisiwe badala yake.

Wanaosema umri ukipita mtu hawezi tena, nawaomba wamtazame Nino Salukvadze wa Georgia. Alichukua dhahabu ya bastola Seoul mwaka 1988, na mwaka 2024 alikuwa Paris kwenye Olimpiki yake ya kumi akiwa na miaka 55. Na zamani zaidi, Oscar Swahn wa Uswidi alipata nishani ya fedha ya shabaha Antwerp mwaka 1920, akiwa na miaka 72. Sisi tunamuweka mtu chini ya mwembe akiwa na 46.

Ninachokiomba kwa viongozi wa timu zetu ni kidogo. Kabla ya kumuondoa mtu kwa sababu ya macho, mwalimu amlaze, ampime kwa futi kutoka jicho hadi kijiti, aandike sentimita hizo kwenye karatasi, na mtu huyo aende nayo kwa mtaalamu wa macho. Kikosi kikiweza kumsaidia nauli ya boti na bei ya lenzi moja, kitakuwa kimeokoa mafunzo ya miaka 20. Na kwa wataalamu wa miwani, wa Unguja na wa huku Pemba, nawaomba kwa heshima: mkimaliza herufi za ukutani, ulizeni "Kazi yako iko umbali gani?" Swali hilo litamfaa mlenga shabaha, na litamfaa fundi seremala, mshona kofia, na mwanamke anayechambua karafuu.

Yule koplo nilimtobolea karatasi pale pale chini ya mwembe kwa sindano ya mtandio wangu. Akatazama, akanyamaza, akatazama tena. "Afande, kinaonekana." Nikamvisha miwani yangu ya shabaha, nikaomba apewe bunduki tupu ashike tu. Kisha tukampima. Sentimita 72. Gawanya, kata nusu, inakuja karibu na 0.70, na nikamwandikia aombe kujaribiwa kuanzia 0.50 hadi 1.00 na achague mwenyewe akiwa ameinama na fimbo yake. Amekwenda Unguja Jumatatu, daktari kamkagua na kasema jicho zima. Lenzi inakatwa. Inakuja na boti ya Alkhamisi hadi Mkoani, na mimi nimeomba kwa mwalimu wa timu nafasi moja ya kulala mkekani Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wasalaam,
Mstaafu wa timu ya shabaha,
Wete, Pemba